Tuandikeni na Sisi Wachomaji

Trela la mjukuu wangu Hughie lilichomwa kwa neno langu. Nalitanguliza hilo ili mtu asidhani nalionea haya. Kwetu sisi Wasafiri, watu wa Ireland wa kuhamahama, mtu akifa, nyumba yake ya magurudumu humfuata. Haiuzwi, hairithiwi, na hakuna anayelala ndani yake tena. Vikombe na sahani zake nzuri zinavunjwa, nguo zake zinarudishwa ndani, halafu moto unawashwa mchana kweupe, wanaume wakiwa wamevua kofia. La mama yangu lilichomwa kando ya barabara kule Galway. Lilikuwa la mbao, la kuvutwa na farasi, na polisi aliyekuwa akipita alishuka kwenye baiskeli yake akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa msichana mdogo, ndiyo kwanza nimeacha shule ya masista baada ya kujua kuandika jina langu. Nikajua basi hivyo ndivyo mtu anavyoagwa.

Hughie, Mungu amrehemu, alijitoa uhai mwezi wa Februari. Dinny, mdogo wake, ndiye aliyemkuta. Watoto hawa niliwalea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, na walikuwa wakilala kitanda kimoja hadi miguu ilipoanza kutokeza upande wa pili.

Zamani trela lile tungelivuta mpaka shambani nyuma ya kambi. Lakini Halmashauri ilikuwa imeziba njia ya shamba kwa mawe makubwa ili farasi wetu wasiende kula majani. Kwa hiyo nikamwambia Dinny achome palepale lilipokuwa limeegeshwa, na Dinny akachoma. Upepo ukageuka. Kibanda cha bafu cha Halmashauri kikashika, na nyaya za umeme za upande wetu wote zikayeyuka kama siagi. Hakuna aliyeumia. Zimamoto walikuja, polisi wakaja, na hakuna hata mmoja aliyevua kofia.

Kibanda ni mali ya watu, sibishi. Dinny alikubali kosa mahakamani. Hakimu akampa kifungo cha nje cha miaka miwili, aripoti ofisi ya probesheni kila wiki, akikosea tena basi kile kifungo cha nje kigeuke cha ndani. Halafu hakimu akavua miwani akasema, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba kijana huyu amefiwa vibaya na probesheni ihakikishe anapata msaada wa afya ya akili. Nilikuwa benchi la nyuma. Nililisikia neno hilo na nikatoka nalo pale kama mtu aliyepewa kitu mkononi. Mjukuu mmoja nilikuwa nimeshamzika. Wa pili sikuwa na nia ya kumzika.

Afisa wa probesheni aliyepewa Dinny aliitwa Bwana Garside. Mtu mwembamba, sauti ya chini, si mkorofi. Siku ya kwanza alimweka Dinny mbele ya kompyuta akamuuliza maswali mengi, na jioni Dinny alinisimulia huku akila viazi bila kuvitazama.

"Akaniuliza, ulijisikiaje moto uliposhika?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nilipumua. Tangu nilipomkuta Hughie sikuwa nimepumua, Bibi. Nilipoona moshi unapanda nikapumua."

"Akasemaje?"

"Akasema, kwa hiyo ulipata nafuu. Nikasema ndiyo, nafuu. Akaandika."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kumbe kwenye kompyuta yao paliandikwa kwamba Denis Cawley, yaani Dinny wetu, hupata nafuu akiwasha moto. Kliniki ya akili, ambayo iko jengo lilelile ghorofa ya juu, ilipoona hivyo ikasema mtu wa namna hiyo hawampokei. Ni hatari kwa jengo. Kwanza amalize darasa la wachomaji, kisha huzuni yake itaangaliwa.

Darasa lenyewe lilikuwa kwenye kituo cha zimamoto, kila Jumatatu. Dinny alikwenda mara kadhaa. Roseanne, mkewe, alikuwa akimnyonyesha mtoto siku aliyotuhadithia, na hatukujua tucheke au tulie.

"Kuna mmoja huchoma mapipa ya taka," Dinny alisema. "Mwingine alichoma shule yake. Mwalimu anatuonyesha sinema ya godoro linaungua, tunakaa tunalitazama godoro. Akaniambia, Denis, kwako wewe kichocheo ni nini? Nikamwambia, kaka yangu amekufa. Akasema, vizuri sana, asante kwa kushiriki. Akaenda ubaoni akaandika 'hasira'."

"Na hukumwambia si hasira?" Roseanne akauliza.

"Nimwambie ili aandike nini tena?"

Baada ya hapo hakurudi darasani. Bwana Garside alipiga simu kumwonya, na alipopiga mara ya pili alisema akikosa Jumatatu nyingine moja tu, suala linarudi kwa hakimu. Dinny alizima simu akaiweka juu ya friji.

"Wanitie ndani tu," aliniambia. "Ndani hakuna anayeniuliza nimejisikiaje."

Nilimpeleka kwa daktari wa kawaida. Alimpa vidonge vya usingizi akasema mengine yote yako mikononi mwa probesheni. Probesheni wakasema yako mikononi mwa kliniki. Kliniki wakasema yako mikononi mwa darasa. Mimi nimekaa kando ya barabara nyingi maishani nikingoja watu waamue kama tutaruhusiwa kulala au tufukuzwe, kungoja nakujua. Lakini ukingoja lazima kuwe na kitu mbele. Hapa hapakuwa na kitu mbele, palikuwa na watu wanaonyoosheana vidole kwa adabu.

Halafu Dinny akamgawa farasi wake.

Alikuwa na jike la mabaka ambalo alilinunua likiwa limekonda akalifufua kwa mkono wake. Asubuhi moja nikaona binamu yake analiongoza kwa kamba kuelekea lango. Nikamuuliza, umelinunua? Akasema hapana, Dinny kampa tu, na hatamu pia, na blanketi. Nikasimama pale na ndoo yangu ya maji. Hughie naye, ile wiki yake ya mwisho, alimgawa mbwa wake, na sisi tukasema amekuwa mkarimu.

Dinny nilimkuta ndani ya gari lake la kazi, amekaa kwenye usukani, injini imezimwa. Nikapanda upande wa pili nikafunga mlango. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Unafikiria kumfuata kaka yako?"

Akafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa shati.

"Kuna siku nafikiria," akasema.

"Leo?"

"Leo hapana. Jana ndiyo." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Usimwambie Roseanne. Na usiwaambie wale. Wakiandika hilo nalo, watamchukua mtoto. Nakuomba, Bibi."

"Roseanne nitamwambia sasa hivi, na wale nitawaambia kesho."

"Utaniangamiza."

"Nikunyamazie ili nikuchomee trela? Hapana, baba. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa hai."

Roseanne nilimwambia. Alilia, kisha akanyamaza, akachukua funguo za gari na vile vidonge vya usingizi akavitia ndani ya sidiria yake, na tangu saa ile hakumwacha Dinny peke yake hata kwenda msalani. Mimi nikavuka uwanja kwenda kwa Nonie.

Nonie ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na tumegombana tangu siku ya harusi yangu aliposema gauni langu linafanana na pazia. Lakini ukiwa na jambo zito, yeye ndiye wa kumwendea. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipaka siagi mkate.

"Kwa hiyo huyu mtoto wanamwogopa kwa kuwa kachoma," akasema.

"Wanamwogopa."

"Na sisi je? Mimi nimemchoma Martin wangu. Wewe umemchoma kaka yangu. Tess kamchoma mama yake na shangazi yake, huyo ndiye jambazi kabisa. Kwa nini sisi hawatuogopi?"

"Hawatujui."

"Basi twende tukajulikane."

Kesho yake tulikwenda wanne: mimi, Nonie, na jirani zetu wa kambini, Tess Mongan na Lil mdogo wake. Tulivaa makoti meusi ya mazishi na hereni zetu za dhahabu, Lil akabeba chupa kubwa ya chai. Dinny ndiye aliyetuendesha, kwa sababu nilimwambia nakwenda mjini kwa daktari wa macho. Roseanne alikaa naye mbele, mtoto mapajani. Tulipofika Roseanne akachomoa funguo, nami nikamwambia Dinny wangoje kwenye maegesho. Aliona jengo, akaniona mimi, akajua, lakini wanawake wanne tulikuwa tumeshashuka.

Pale mapokezi kuna msichana nyuma ya kioo.

"Mna miadi?"

"Hatuna," Nonie akasema. "Tumekuja kujisalimisha."

"Samahani?"

"Tumechoma. Miaka mingi tumekuwa tukichoma. Tunataka kuandikwa kwenye lile darasa lenu."

Msichana alitutazama, akatazama chupa ya chai. Akasema Bwana Garside yuko kwenye kikao.

"Tutangoja," nikamwambia.

"Anaweza kuchelewa sana."

"Mwanangu, mimi nina miaka sabini na tano. Nikichelewa mahali ndipo napumzika."

Tukakaa. Palikuwa na vijana wachache wanaongoja zamu zao, mmoja ana michoro ya wino hadi shingoni. Lil akamimina chai, akawapa na wao. Ilipopita muda na hakuna aliyetoka, Tess akatoa rozari mkobani. Sikumwambia atoe. Tukaanza kusali kwa sauti, na kila fungu tukalitolea mtu ambaye trela lake tulilichoma, tukimtaja kwa jina: Martin Doran. Annie Mongan. Patrick Cawley. Yule kijana mwenye michoro alivua kofia, akawa anaitikia. Alijua maneno yote. Msichana wa kioo alisimama, akakaa, akasimama tena, akachukua simu.

Bwana Garside alitoka amekunja uso.

"Bi Cawley. Hii ni ofisi."

"Naiona. Niandike."

"Nikuandike nini?"

"Philomena Cawley. Nilichoma trela la mume wangu nikiwa na akili zangu timamu. Sasa niulize kama ulivyomuuliza mjukuu wangu. Niulize nilijisikiaje."

"Sidhani kama hapa ni mahali—"

"Niulize, bwana."

Akatazama huku na huku. Watu wote walikuwa wanamngoja.

"Ulijisikiaje?" akasema, kwa sauti ya chini.

"Nilipumua."

"Na mimi nilipumua," Nonie akasema. "Lakini Martin nilikaa naye kwenye ndoa miaka arobaini, ningepumua hata bila moto."

"Mimi sikupumua," Tess akasema. "Moshi ulinijia usoni. Lakini nililala usiku ule, na nilikuwa sijalala."

"Haya," nikamwambia Garside. "Wanne hawa, wote tumepata nafuu kwa moto. Tuko hatari. Tutie kwenye darasa la Jumatatu, tuonyeshe na sisi godoro. Tutakaa na Dinny mstari wa mbele. Na kama hututii, basi niambie mbele ya watu hawa kwa nini yeye ni mgonjwa wa moto na mimi ni mjane."

Alikaa kwenye kiti kitupu, kile cha vijana. Nilimwona amechoka, na haki yake nitampa, hakutupigia kelele.

"Denis alisema ni desturi," akasema. "Bi Cawley, mimi kila siku naambiwa desturi. Mtu kampiga mkewe, ananiambia desturi yetu. Mtu kaiba mabomba, desturi. Nikasikia desturi nikaendelea na swali lililofuata."

"Na hakimu naye? Alisema asaidiwe. Nililisikia."

"Nilimpeleka kliniki. Wakamkataa."

"Ukanyamaza."

Nyuma ya Garside mlango wa ngazi ulikuwa umefunguliwa na mwanamke wa makamo alikuwa amesimama hapo, kitambulisho kifuani, nywele fupi za mvi. Alisema aliisikia sala kutoka juu na kuja kuona nani amefariki. Aliitwa Bi Lumb, muuguzi wa akili wa ile kliniki.

"Wewe ndiye uliyemkataa Denis Cawley?" Nonie akamuuliza.

"Jina nalikumbuka. Yule wa moto."

"Yule wa kaka," nikasema.

"Kaka gani?"

Miezi yote ile, na mwanamke huyu hakuwahi kusikia kwamba Hughie aliishi wala kwamba alikufa. Kilichopanda ngazi kumfikia ni moto peke yake. Nikamweleza, nimesimama, mkoba mkononi. Nikamweleza nani alimkuta nani. Nilipofika kwenye farasi, akainua mkono kunisimamisha.

"Amemgawa lini?"

"Jana."

"Umemuuliza lolote?"

"Nimemuuliza kama anafikiria kumfuata kaka yake. Kasema kuna siku anafikiria. Kasema juzi alifikiria."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Maegesho. Mkewe yuko naye na funguo anazo mkewe."

Bi Lumb akamgeukia Garside. "Alan, hili haliwezi kungoja darasa la zimamoto."

"Utaratibu unasema—"

"Najua unasemaje, niliuandika nusu yake. Mpigie mkuu wako." Akaanza kwenda mlangoni, kisha akarudi akachukua kikombe cha chai mkononi mwa Lil. "Anakunywa na sukari?"

"Vijiko vitatu," Lil akasema.

Nilimfuata kwa mbali. Aligonga kioo cha gari kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Roseanne akashuka na mtoto, akamwachia kiti. Dirisha la upande wa Dinny lilikuwa wazi kidogo, kwa hiyo mwanzo niliusikia.

"Sitaki kuingia humo ndani," Dinny alisema.

"Basi tukae humu."

"Mtamchukua mtoto."

"Sikiliza. Siwezi kukuahidi kila kitu, sitaki kukudanganya siku ya kwanza. Nikiona mtoto yuko hatarini lazima niseme. Lakini baba aliyechoka kuishi akiniambia hivyo, kazi yangu ni kumshika yeye. Mtoto ana mama anayemshika, nimemwona."

Dinny akasema, "Nani kakwambia naweka sukari?" na dirisha likapandishwa, nikarudi zangu ndani.

Mle ndani vita havikuwa vimekwisha. Mkuu wa Garside, kwa simu, alisema darasa haliwezi kufutwa hivihivi, suala litazamwe mwezi ujao. Garside akatuletea jibu hilo akidhani tutainuka twende zetu.

"Mwambie tunangoja," nikasema.

"Ofisi inafungwa saa kumi na moja."

"Na inafunguliwa saa ngapi?"

Akanitazama. Nonie alikuwa ameshavua viatu. Tess alianza rozari upya, na safari hii wale vijana wote wakaitikia, hata ambao hawakujua maneno. Garside akarudi kwenye simu, na mlango wake akauacha wazi, nadhani kwa makusudi, tukamsikia. Alisema, "Hapana. Nilikosea mimi. Nimeandika nafuu nikaacha msiba." Alilirudia mara nyingine, kwa sauti zaidi. Alipotoka masikio yake yalikuwa mekundu. Darasa limeondolewa. Badala yake Dinny atamwona Bi Lumb kila wiki, na siku hizo zitahesabiwa kama kuripoti.

"Wapi?" nikauliza.

"Hapa, ghorofa ya juu."

"Hatapanda. Wa kwetu hawaongei kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka. Muuguzi aje kambini."

"Kambini kwenu wanatakiwa kwenda wawili wawili. Kwa usalama."

"Usalama wa nini?" Lil akasema. "Sisi wanne tumekuja kwenu bila mlinzi."

Yule mwenye michoro shingoni akacheka, na Garside naye akakaribia kucheka.

"Waje wawili, waje saba," nikamwambia. "Chai ipo."

"Kuna jambo moja," akasema. "Mkuu wangu anataka neno lako, kama mkubwa wa familia, kwamba haitatokea tena. Kuchoma."

"Neno hilo simpi."

"Bi Cawley, tumefika mbali leo."

"Tumefika, na simpi. Nitakufa mimi, bwana, na hawa watatu watakufa, na hatutakufa ili watu wa nyumba za matofali walale kwenye vitanda vyetu. Neno ninalompa ni hili: safari ijayo tutawaambia mapema, na ninyi mtuondolee yale mawe kwenye njia ya shamba. Mkuu wako aje na gari la zimamoto akitaka. Avue kofia tu."

Akasema ataliwasilisha kama lilivyo. Mawe bado yapo hadi leo, nimeshawapigia simu mara nyingi, na kesho nitapiga tena.

Alhamisi iliyofuata Bi Lumb alikuja, na kijana mmoja wa ofisini ambaye alikaa garini akisoma gazeti. Dinny alikuwa amenyoa ndevu. Roseanne na mtoto walikuja kwangu. Nilidhani Dinny ataniomba nikae naye, na nilikuwa nimeshatandika mto, lakini aliniambia, "Bibi, toka nje," akafunga mlango mwenyewe. Nikatoka na kiti changu nikakaa mbele ya ngazi ya trela lake, mahali ambapo kila anayepita lazima anione.

Kwetu jambo kama hilo hufichwa. Ungesema yule mama ni wa bima, au wa shule. Mwanamume akijulikana anatibiwa akili, watu wanahesabu mabinti zake kuwa hawataolewa, na wenzake hawamwachii mtoto wao ampandishe farasi. Hughie alijua hivyo. Nadhani alikijua kitu hicho vizuri kuliko alivyojua jina lake.

Umeme wa upande wetu ulikuwa haujarudishwa, kila trela lilikuwa na jenereta lake nje, na kubwa kuliko yote ni la Bernie Doran, mtoto wa Nonie, bondia wa zamani, shingo kama ya dume la ng'ombe. Akaja taratibu, mikono mifukoni.

"Shangazi. Yule mama nani?"

"Muuguzi."

"Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Ni muuguzi wa akili, amekuja kwa Dinny."

Akatazama nyuma kama mtu aliyeambiwa siri sokoni. "Sema polepole basi."

"Kwa nini? Sina ninachouza kwa magendo." Nikapandisha sauti, maana kulikuwa na wanaume wengine wawili kwenye boneti ya gari wanajifanya wanatazama injini. "Dinny Cawley alitaka kufa, na sasa anatibiwa asife. Kuna anayetaka kuuliza lingine?"

Wale wa injini wakazama zaidi ndani ya injini.

"Watu watasema," Bernie akasema.

"Waseme nikiwa nimekaa hapa. Walisema pia kwamba Hughie amekuwa mkarimu." Nikamtazama usoni. Alikuwa na weusi chini ya macho ambao sikuwahi kuupa muda. Yeye na Hughie walikuwa wakiweka lami pamoja tangu wakiwa vijana. "Yule muuguzi atakuwa anakuja kila Alhamisi. Nimemuuliza kama anaona mtu mmoja tu. Kasema hapana."

"Mimi sina shida yoyote."

"Sijasema unayo."

Alipiga teke jiwe dogo likaenda chini ya trela. Akasimama muda mrefu kuliko mtu asiye na shida. Kisha akaenda zake, bila kuaga, na mara nikasikia analizima lile jenereta lake kubwa, likakohoa na kunyamaza.

Pakawa kimya. Nyuma yangu, ndani, nikaisikia sauti ya Dinny, siyo maneno, sauti tu, ikienda bila kukatika. Nikasogeza kiti mbele kidogo nisisikie zaidi.